Nakimbia kila wikiendi, sukari iko palepale: je, najisumbua bure?

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 47, kilo 88, na kazi yangu ni ya kukaa mezani asubuhi mpaka jioni. Miezi minne iliyopita nilipima afya: sukari kabla ya kula 6.3, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) asilimia 6.1, presha 138/88, triglisaridi (mafuta ya kwenye damu) 2.1, kiuno sentimita 101. Nikaambiwa sukari yangu iko mpakani. Daktari aliniandikia metformini, nikamwomba anipe muda nijaribu mazoezi kwanza. Tangu hapo nakimbia Jumamosi na Jumapili, saa nzima kila siku, kama kilomita nane, mpaka jasho linachuruzika. Uzito umepungua kilo moja na nusu tu. Nikipima nyumbani, sukari ya asubuhi ni 6.2. Kilichonivunja moyo zaidi ni Jumapili iliyopita: nilipima kabla na baada ya kukimbia, nikaanza na 6.0 na kumaliza na 8.1. Mazoezi yananisaidia kweli au najidanganya? Na ile dawa niianze?"

Jibu:

Marahaba, na asante kwa kuja na namba mkononi. Wengi huniandikia "nafanya mazoezi lakini sioni mabadiliko" bila kusema walipima nini, lini na kwa kifaa gani, na hapo mtu hujibu kwa kupapasa. Wewe umenirahisishia kazi, ingawa namba hizohizo ndizo zilizokupotosha.

Nitangulize jibu: mazoezi yanakusaidia. Kasoro ziko mbili. Kwanza, umechagua kuyapima kwa mizani na kwa sukari ya alfajiri, vipimo ambavyo kwa mtu wa hali yako huwa vizito kusogea kuliko vingine vyote. Pili, umeyarundika yote mwisho wa wiki, wakati faida yake kubwa kwenye sukari haidumu siku tano. Hilo la pili ndilo ninalotaka ulishike vizuri, kwa hiyo nitaanza nalo hata kama wewe umesikitikia zaidi uzito.

Ukila chakula chenye wanga, sukari yake huanza kuonekana kwenye damu baada ya dakika chache na kwa kawaida hufika kileleni kati ya saa moja na saa moja na nusu tangu uanze kula. Kongosho hutoa insulini, na insulini huiambia misuli, ini na mafuta ya mwili vipokee sukari hiyo. Mpokeaji mkubwa ni misuli inayoshikamana na mifupa. Katika vipimo vya maabara, ambako mtu huwekewa insulini na glukosi, yaani hiyo sukari ya damu, kwenye mshipa kwa saa kadhaa, misuli huchukua karibu asilimia 80 ya glukosi inayoondoka kwenye damu. Kwa hiyo mtu akisema sukari yake haishuki vizuri baada ya kula, mara nyingi shida kubwa iko kwenye mapaja, makalio na mgongo, ingawa watu hudhani iko kongosho peke yake.

Glukosi haipenyi tu ndani ya seli ya msuli. Inahitaji kibebaji, protini iitwayo GLUT4. Msuli ukiwa umetulia, vibebaji vingi vimejificha ndani ya seli, mbali na ukuta wake, na insulini ndiyo huvileta ukutani vikaanza kuvuta sukari. Mtu mwenye usugu wa insulini, na kwa namba zako wewe ni mmoja wao, insulini ipo, tena mara nyingi iko juu kuliko kawaida, lakini vibebaji vinavyoitikia ni vichache. Kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi kwa kazi ileile. Linaweza kuvumilia hivyo kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuchoka, na likianza kuchoka ndipo sukari inapovuka mpaka.

Msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine ya kuvileta vibebaji ukutani, na njia hiyo haipiti kwa insulini. Msuli ukijikunja, kalsiamu hupanda ndani ya seli, akiba ya nishati hupungua, na kimeng'enya kiitwacho AMPK huamka. Ishara hizo zinatosha kuvisogeza vibebaji. Jambo lenyewe lilionekana zamani sana. Mwaka 1887 Wafaransa wawili, Chauveau na Kaufmann, walipima damu inayotoka kwenye msuli wa taya wa farasi, wakakuta kwamba farasi anapotafuna msuli huo unachota sukari nyingi kuliko akiwa ametulia. Insulini yenyewe haikugunduliwa mpaka mwaka 1921. Na njia hii ya pili hubaki ikifanya kazi hata kwa mtu ambaye tayari ana kisukari cha aina ya pili. Msuli wake unaoisikia insulini kwa shida bado unakula sukari vizuri ukitembezwa.

Hayo ni wakati wa mazoezi. Ukishamaliza, kuna awamu nyingine. Msuli umetumia glaikojeni, yaani sukari yake ya akiba, na sasa unataka kuirudisha. Kwa muda huo unaisikia insulini vizuri zaidi kuliko kabla: kiasi kilekile cha insulini kinaingiza sukari nyingi zaidi. Hali hiyo hudumu takriban saa 24 hadi 48, na ukifika saa 72 imebaki kidogo au imekwisha. Sasa chukua kalenda yako. Umekimbia Jumapili asubuhi. Jumatatu msuli uko macho, Jumanne bado kidogo, Jumatano umerudi ulikokuwa, na Alhamisi na Ijumaa unakula, unakaa, unalala ukiwa na misuli ileile ya miezi minne iliyopita. HbA1c inahesabu siku zote saba, haichagui Jumapili.

Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri watu wenye kisukari wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Ushauri huo unategemea hizo saa 48 hadi 72, na unakuhusu wewe wa mpakani vilevile.

Ili nisikuonee, niseme pia upande wa pili. Wanaofanya mazoezi wikiendi tu hawapotezi muda wao. Uchunguzi mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 63,000, ulionyesha kwamba waliokusanya mazoezi yao katika siku moja au mbili za wiki walikuwa na vifo pungufu kwa takriban asilimia 30 wakilinganishwa na wasiofanya kabisa, na hawakuwa mbali na wale waliofanya mara nyingi. Ni uchunguzi wa kuangalia tu, hauthibitishi chanzo, lakini haubezwi. Kwa moyo wako na umri wako, hizo Jumamosi na Jumapili zina thamani. Kwa sukari, hazitoshi. Ningekuwa nashauri mtu asiye na tatizo la sukari, ningemwambia endelea hivyohivyo.

Kuna jaribio jingine ambalo huwa nalitaja kwa watu wa kazi za mezani. Huko Copenhagen, watafiti waliwachukua vijana kumi wenye afya waliokuwa wakitembea hatua zipatazo 10,000 kwa siku, wakawaambia wapunguze hadi chini ya 1,500: panda gari, tumia lifti, kaa. Baada ya wiki mbili tu, uwezo wa miili yao kuitumia insulini ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 17, na misuli ya miguu ilikuwa imeanza kupungua. Hawa walikuwa vijana, wazima, wasio na kitambi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wewe Jumatatu mpaka Ijumaa unaishi ndani ya jaribio hilo, halafu Jumamosi unatoka.

Sasa ile 8.1 iliyokuvunja moyo. Ukikimbia kwa nguvu, mwili hutoa adrenalini na homoni nyingine zinazoliamuru ini limwage sukari kwenye damu ili misuli isikose. Mbio zikiwa kali, ini humwaga haraka kuliko misuli inavyochota, na kwa kitambo sukari ya damu hupanda. Kwa kawaida hushuka yenyewe ndani ya saa moja au mbili, kwa kuwa misuli inaendelea kuvuta baada ya wewe kusimama. Ungepima tena saa mbili baadaye, nadhani usingeniandikia kuhusu hilo. Ukitembea tu kwa mwendo wa haraka, mara nyingi utaona kinyume chake: sukari inashuka palepale. Na jambo dogo ambalo huharibu vipimo vingi vya nyumbani: je, ulinawa mikono? Kidole kilichoshika tunda au kinywaji chenye sukari, kisha kikatobolewa bila kuoshwa, kinaweza kutoa namba ya kutisha ambayo haimo kwenye damu yako. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo utoboe. Na kama njiani ulikunywa kitu kitamu, basi jibu ni hilo.

Sukari ya asubuhi ni habari nyingine. Usiku hujala, kwa hiyo sukari iliyomo damuni alfajiri imetengenezwa na ini. Ini lenye mafuta mengi halitii insulini vizuri. Linaendelea kutoa sukari hata pasipo haja, na homoni za kukuamsha zinaliongezea kasi. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini, na utafiti umeonyesha kwamba hufanya hivyo hata uzito usiposhuka sana, lakini huchukua muda, na huenda haraka zaidi chakula nacho kikipunguzwa. Kwa hiyo unapopima asubuhi unapima ini, wakati mazoezi yako yamekuwa yakihudumia misuli. Ongeza kwamba kifaa cha nyumbani kinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15 juu au chini na bado kikahesabiwa kizuri. Ile 6.3 ya maabara na 6.2 ya kifaa chako, mimi siwezi kusema kama ni tofauti au ni namba moja.

Unataka kuona mazoezi yakifanya kazi? Pima baada ya kula. Chagua jioni mbili ndani ya wiki moja, siku ambazo mchana hukufanya mazoezi. Kula chakula kilekile, kwa kiasi kilekile, saa ileile. Pima kabla ya kuanza kula, kisha saa moja, kisha saa mbili baadaye. Jioni ya kwanza kaa kama ulivyozoea. Jioni ya pili, dakika kumi hivi baada ya kumaliza kula, inuka utembee dakika 15 kwa mwendo wa mtu anayechelewa lakini hajafikia kukimbia. Andika namba zote kwenye karatasi moja. Huwa namwambia mgonjwa afanye hivyo kabla sijamhubiria lolote, maana tofauti anayoiona kwenye kifaa chake mwenyewe humshawishi kuliko maneno yangu. Kama hutaiona mara ya kwanza, rudia, kwa sababu ya huohuo ukosefu wa usahihi wa vifaa.

Wapo waliolipima jambo hili kwa utaratibu. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand walichapisha jaribio la watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kuna kipindi waliambiwa watembee dakika 30 kwa siku wakati wowote wapendao, na kipindi kingine watembee dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ni ileile. Walipotembea baada ya milo, sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 12, na baada ya mlo wa jioni kwa asilimia 22. Jioni ndiyo ilileta tofauti kubwa, na sishangai: kwa wengi huo ndio mlo mzito, na baada yake mtu hukaa mpaka anapolala.

Tuje kwenye mizani. Fanya hesabu nami. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 88 na kilomita nane, ni kama 700 kwa siku, 1,400 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kilokalori 7,700. Kwa wiki 16 umechoma zipatazo 22,500, yaani karibu kilo tatu, kama usingeongeza hata kijiko. Umepata kilo moja na nusu. Maana yake nusu imerudi, ama kwa njaa ya Jumapili mchana, ama kwa kujilaza Jumapili jioni kwa kuwa umechoka. Karibu kila mtu hufanya hivyo bila kujua. Mazoezi peke yake ni chombo dhaifu cha kupunguza uzito, na wanaoyauza kwa ahadi hiyo ndio wanaosababisha watu wengi wayaache mwezi wa tatu. Yana nguvu zaidi katika kuuzuia uzito usirudi baada ya kupungua.

Lakini kilo si kipimo cha ulichokuja kutibu. Mafuta yaliyojikunja ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yenye madhara makubwa, na mazoezi huyapunguza hata mizani ikigoma, hasa kama wakati huohuo unajenga msuli kidogo. Kwa hiyo badala ya kupanda mizani kila asubuhi, pima kiuno mara moja kwa mwezi. Utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, si pale mkanda wa suruali unapokaa. Simama, toa pumzi kawaida, usilivute tumbo ndani. Kwa mwanaume, sentimita 94 ndicho kiwango kinachotumiwa na wengi kama mwanzo wa hatari (kwa mwanamke 80), ingawa miongozo mingine hungoja mpaka 102 na 88. Hizo 101 zako zikishuka hadi 97 na uzito ukabaki 86, mimi nitafurahi.

Ukiziweka namba zako pamoja, zinaunda picha tunayoiita sindromu ya metaboli: kiuno kikubwa, triglisaridi kuanzia 1.7, presha kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, na kolesteroli nzuri, ile ya HDL, iliyo chini. Tatu kati ya tano zinatosha. Wewe unazo nne, na ya tano hukuniandikia. Zote zina mzizi wa karibu, lakini haziitikii mazoezi kwa kasi moja. Triglisaridi ni wepesi: msuli uliofanya kazi huongeza kimeng'enya kinachochota mafuta kutoka kwenye damu, na siku inayofuata kiwango cha baada ya kula huwa chini, nao hurudi baada ya siku mbili tatu, kama sukari. Presha hushuka kwa saa kadhaa baada ya kila zoezi, na kwa wenye presha ya juu wanaofanya mazoezi mfululizo wastani hushuka kati ya 5 na 7 kwa namba ya juu. HDL hupanda kidogo, kwa uvivu. Kolesteroli mbaya, LDL, haisogei sana, usiitegemee kwa mazoezi.

Kuna pia mabadiliko ya muda mrefu ambayo kifaa chako hakiyaoni. Mwaka 1967 John Holloszy, huko St. Louis, Marekani, alionyesha kwamba misuli ya panya waliozoeshwa kukimbia iliongeza kwa takriban mara mbili uwezo wa mitokondria zake, yaani zile sehemu za seli zinazochoma mafuta na sukari. Kwa binadamu hutokea hivyo pia, pamoja na vibebaji vya GLUT4 vyenyewe kuongezeka na mishipa midogo ya damu kutanda zaidi ndani ya msuli. Haya hujengeka kwa wiki na miezi, na hupotea ukiacha.

Kuhusu ushahidi kwamba haya yote yanazuia kisukari chenyewe: mwaka 1986 katika mji wa Da Qing, China, watu 577 wenye sukari ya mpakani waligawanywa kwa kliniki zao, wengine wakapewa ushauri wa chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, wengine wakaachwa hivihivi. Baada ya miaka sita, hatari ya kupata kisukari kwa kundi la mazoezi ilikuwa pungufu kwa asilimia 46. Kisha Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waligawanywa: wengine metformini, wengine dawa ya bandia, wengine mpango wa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya dakika 150 za mazoezi kwa wiki, hasa kutembea haraka. Mpango wa maisha ulipunguza kisukari kwa asilimia 58, metformini kwa asilimia 31. Dakika 150. Wewe tayari unafanya 120, tena kali. Kilichobaki ni kuzitawanya.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Jumamosi kimbia kama kawaida, usiiache, naona unaipenda. Ile saa ya Jumapili ivunje: Jumanne na Alhamisi tembea haraka dakika 30, kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Kila siku, baada ya mlo wa jioni, zile dakika 10 hadi 15. Ukiwa umechoka na una uwezo wa kufanya jambo moja tu siku hiyo, fanya hilo la baada ya mlo. Kazini, inuka kila baada ya nusu saa hata kwa dakika mbili: simu ipokee umesimama, maji yafuate mwenyewe. Jaribio la Australia la mwaka 2012, kwa watu wazito waliokaa saa tano mfululizo baada ya kunywa kinywaji cha sukari na mafuta, lilionyesha kwamba kukatiza kukaa huko kwa dakika mbili za kutembea kila dakika 20 kulipunguza mpando wa sukari kwa karibu robo.

Halafu nguvu. Hukuitaja kabisa katika swali lako, na wanaume wa umri wako wanaopenda kukimbia huiruka mara nyingi. Tumesema msuli ndio unaopokea sukari. Na kuanzia miaka ya thelathini msuli huanza kupungua pole pole kama haupewi kazi nzito. Shirika la Afya Duniani linataka siku mbili au zaidi kwa wiki za kuimarisha misuli mikubwa. Huhitaji ukumbi wala vyuma. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika popote, shuka pole pole kwa kuhesabu mpaka tatu, inuka. Fanya 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, rudia mara mbili. Mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Zikiwa rahisi, beba begi lenye uzito kifuani. Ongeza pushapu, kwanza ukiegemea meza imara, baadaye sakafuni, na zoezi moja la kuvuta, kwa mpira wa mazoezi uliofungwa mahali pasipong'oka. Jumatatu na Ijumaa zinatosha, dakika 20. Anza na miguu kila mara, huko ndiko kuliko na msuli mwingi. Usibane pumzi unaponyanyua, presha yako haitaki mchezo huo.

Chakula sikukigusa kwa kuwa hukuuliza, lakini ile nusu iliyorudi kwenye mizani iko mezani. Usingizi nao: ukilala saa tano kwa wiki moja tu, insulini inaanza kufanya kazi vibaya, na hakuna mbio za kufidia.

Tahadhari fupi, kwako na kwa wengine wanaosoma. Ukihisi kifua kinabana, pumzi inakata kuliko kawaida, au kizunguzungu wakati wa kukimbia, simama na uende hospitali siku hiyohiyo, usingoje wikiendi ijayo uone. Mtu anayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho, kama glibenklamidi, anaweza kushukwa na sukari wakati wa mazoezi au saa nyingi baadaye, kwa hiyo asibadilishe mazoezi bila kuzungumza na daktari wake kuhusu dozi. Mwenye ganzi miguuni akague nyayo kila anaporudi. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Na sasa dawa. Ombi lako la kupewa muda lilikuwa la haki, mradi liwe na tarehe. HbA1c hubeba habari za takriban miezi mitatu, kwa hiyo kipimo cha sasa kitasoma ile ratiba yako ya wikiendi. Badilisha ratiba leo, pima baada ya wiki 12 katika maabara ileile, pamoja na triglisaridi, HDL na presha. Ikiwa HbA1c imeshuka hadi 5.8 au 5.9 na kiuno kimesogea, nadhani daktari wako atakubali uendelee bila kidonge. Ikifika 6.5 na kipimo cha marudio kikathibitisha, hicho ni kisukari, anza dawa bila mjadala. Ikibaki 6.1, rudini mezani mzungumze: metformini hufanya kazi zaidi kwenye ini, palepale panapopandisha sukari yako ya asubuhi, na haigombani na matembezi ya jioni. Katika ule utafiti wa Marekani iliwafaa zaidi wenye uzito mkubwa sana na walio chini ya miaka 60. Mkiamua uianze, pima figo kwanza, anza na dozi ndogo, uimeze pamoja na chakula ili tumbo lisikusumbue, na ukiona linaharisha wiki ya kwanza usiiache kimyakimya. Mwambie daktari, ipo ya kuyeyuka taratibu ambayo wengi huivumilia.